Wosia, trasti au vyote? Tuna watoto watatu na mmoja sikumzaa mimi

mama_watatu

Wakuu habari za humu, naombeni mnisaidie mana nimesoma mtandaoni mpaka kichwa kinagonga na kila nikisoma nazidi kuchanganyikiwa.

Iko hivi. Mimi na mume wangu tumeshavuka arobaini, watoto tunao watatu. Mkubwa ana 19, huyu ni wa mume wangu kwa mama mwingine ila nimemlea toka ana miaka 4 na kwangu ni mwanangu, basi. Wa pili ana 14. Wa mwisho 9, ana ulemavu wa akili na madaktari walishatuambia atahitaji mtu wa kumwangalia siku zote za maisha yake. Juzi tulisafiri mimi na baba yao, mara ya kwanza tunawaacha wote, tukiwa tunasubiri ndege mkubwa akapiga simu anachekacheka akasema hivi nyie mkianguka na hiyo ndege mdogo anabaki na nani, mimi? Alikua anatania. Mi sikupata usingizi safari nzima.

Tuliporudi nikadaunlodi fomu ya wosia nikaijaza, kwa kifupi mimi namwachia mume wangu kila kitu na yeye ananiachia mimi kila kitu, tukiondoka wote watoto wagawane sawa kwa sawa. Shahidi nimemweka dada yangu, ambae humo humo nimemwandikia cheni na bangili za marehemu mama. Nyumba ina majina yetu wote wawili. Mume ana bima ya maisha na pensheni ya kazini, fomu alijaza zamani kabla hajanioa na hakumbuki aliandika jina la nani. Sasa mwenzangu mmoja kazini ananiambia wosia ni mambo ya kizamani, siku hizi watu wanaweka kila kitu kwenye trasti. Hivi hiyo trasti ni ya watu wa kawaida kama sisi au ni ya matajiri? Na hiyo fomu niliyojaza inatosha au nimemaliza wino bure?

jogoo_la_shamba

Mnajisumbua tu. Mtu akifa mali inaenda kwa mke na watoto, sheria ishapanga. Kukaa unaandika wosia na afya zenu ni kujichulia.

kalamu_kavu

Jogoo sheria imepanga ndio, ila haijapanga unavyodhani. Usipoandika kitu mali yako inagawanywa kwa orodha iliyotungwa na watu ambao hawakujui wewe wala nyumba yako, na hiyo orodha inafuata damu na cheti cha ndoa. Mtoto wa kambo kwa mama wa kambo kwenye orodha nyingi hayumo kabisa, hata kama umemfulia na kumpeleka shule miaka 15. Mtu mliyekaa pamoja bila ndoa, nchi nyingi nae hayumo. Na kama unafikiri hili ni la wasio na wanasheria, mwanamuziki Prince alifariki 2016 bila wosia, mambo ya mali yake yakaja kumalizika 2022. Miaka sita.

Mama_watatu, mtoe dada yako kwenye ushahidi leo leo. Sehemu nyingi wanataka mashahidi wawili, watu wazima, wakuone unasaini na wenyewe wasaini mbele yako, na wasiwe wanarithi chochote humo wala mume au mke wa anaerithi. Mara nyingi wosia wenyewe unabaki hai ila kile alichoachiwa shahidi ndo kinakufa. Kwaiyo dada angekua amesaini kuzikosa bangili kwa mkono wake mwenyewe. Mtafute mtu wa pembeni, jirani, mfanyakazi mwenzako, hana haja ya kusoma ndani kumeandikwa nini, anashuhudia saini tu.

kipanga_mweusi

Mi nilisikia ukiandika kwa mkono wako mwenyewe hauhitaji shahidi hata mmoja, ni kweli au porojo?

mzee_wa_mafaili

Kipanga, ni kweli na si kweli, inategemea uko wapi. Ufaransa kwa mfano wosia ulioandikwa wote kwa mkono wa mwenyewe, ukawa na tarehe na saini, unakubalika bila shahidi. Kuna nchi nyingine karatasi hiyo hiyo haifai kitu. Kule Kanada 1948 mkulima mmoja, Cecil George Harris, alibanwa chini ya trekta lake, akachukua kisu akachora kwenye bati la juu ya gurudumu kwamba akifia hapo vyote anamwachia mke wake, akaweka jina. Alifariki, na mahakama ikalikubali lile bati kama wosia. Lakini msijaribu, yule hakua na kalamu wala muda, nyie mnavyo vyote viwili. Yule mwimbaji Aretha Franklin alipofariki 2018, baadae yakakutwa maandishi ya mkono ndani ya nyumba yake, ya 2010 kwenye kabati lililofungwa, na jingine la 2014 kwenye daftari chini ya mito ya kochi. Ndugu wakaenda mahakamani kubishana lipi ndilo, na 2023 baraza la mahakama, yaani raia walioitwa kuamua kesi, likasema ni lile la kwenye kochi. Sasa fikiria mtu angekua amelitupa hilo kochi.

Sasa nije kwa mama_watatu. Mwanangu, mimi nimekaa masijala ya mahakama mpaka nikastaafu, mafaili ya mirathi yamepita mkononi mwangu mpaka yakaniharibu macho, na nikwambie kosa nililoliona kuliko yote sio watu kukosa wosia. Ni watu kuandika wosia juu ya vitu ambavyo wosia hauvifikii. Mtu anaandika kurasa nne kwa lugha tamu, nyumba ya huyu, bima ya yule, akaunti ya fulani, halafu ukija kuangalia karatasi zenyewe, nyumba ina njia yake, bima ina njia yake, akaunti ina njia yake, ule wosia unabaki kugawa makochi na redio.

Kwaiyo weka wosia pembeni kwanza, chukua daftari. Andika kila mlichonacho na kila mnachodaiwa (madeni yanalipwa kwanza, pamoja na gharama za mazishi, ndipo warithi wanagawana kilichobaki, watu hua wanalisahau hili wanagawana hewa). Mbele ya kila kitu andika kiko kwa jina la nani na kwa namna gani. Usiandike unavyodhani, katoe karatasi usome.

Kilicho kwa jina lako peke yako, hicho ndicho wosia wako unakitawala. Bima na pensheni zenye fomu ya mnufaika kwa kawaida zinakwenda kwa aliyeandikwa kwenye fomu, wosia useme usemavyo. Ipo mifuko ambayo wasimamizi wake wanaruhusiwa kuangalia na hali ya familia, ila usijenge juu ya hilo. Na nyumba ya majina mawili hapo ndipo wengi wanaanguka, mana majina mawili yanaweza kua na maana mbili tofauti. Kuna umiliki wa pamoja ambao mmoja akifa nyumba yote inahamia kwa aliyebaki papo hapo, haipiti kwenye wosia kabisa. Na kuna umiliki wa mafungu, kila mtu ana fungu lake na anaweza kumwachia anaemtaka. Hati yenu ndo itasema, na kama haisemi wazi muulizeni mwanasheria wa huko mliko.

Sasa kwa nini nakomalia hilo. Mpango wenu wa nakuachia wewe unaniachia mimi ni mzuri wa mapenzi ila una shimo. Mume akitangulia, kila kitu kinakua chako, na kikishakua chako ni chako, unaweza kuandika wosia mpya kesho, unaweza kuolewa tena, na kuna nchi, Uingereza ni mfano, ndoa mpya inaufuta wosia wa nyuma. Ukifa hapo bila kuandika mwingine, kijana wako mkubwa ambae kwa damu ni wa baba yake tu hapati kitu, na mali nusu ilikua ya baba yake. Najua wewe hutafanya hivyo. Mafaili yote niliyoyashika yalikua ya watu ambao wasingefanya hivyo.

Dawa inayotumika sana ni kila mmoja awe na fungu lake la nyumba, na kwenye wosia aseme fungu langu lishikwe na wadhamini (watu unaowaamini washike mali kwa niaba ya wengine), mwenzangu akae humo maisha yake yote bila mtu kumtoa, akiondoka ndipo fungu hilo ligawiwe watoto wote watatu kwa majina. Kwa majina, sio "watoto wangu", mana neno hilo siku ya kesi linaanza kutafutiwa maana.

Na hapo utaona tayari nimeshakujibu la trasti bila kukusudia, mana huo mpango wenyewe ni trasti, umezaliwa ndani ya wosia. Ni mali kushikwa na mtu mmoja kwa faida ya mwingine kwa masharti uliyoyaweka wewe. Haihitaji utajiri, inahitaji sababu.

zuhura_wa_pili

Mzee hapo kwenye fomu umenigusa pabaya. Baba yetu alikua mtu wa mpangilio jamani, wosia ulikua umesainiwa, una mashahidi, kopi kila mtu anayo, humo kaandika mafao ya kazini yaende kwa mama yetu. Alipofariki tukaenda kwenye mfuko wake tukiwa na wosia wetu umepigwa mihuri, yule dada wa dirishani akatufungulia faili anatuonyesha fomu ya mwaka aliyoajiriwa, jina la mke wa kwanza waliyeachana hata mimi sijazaliwa. Tulipeleka talaka, tukapeleka barua, tukazungushwa mwaka na miezi, jibu likabaki fomu ni fomu. Yule mama kachukua, na wala simlaumu, hakuiba, jina lake lilikuwepo. Kuibadilisha ile fomu ni karatasi moja, baba angeijaza anasubiri chai.

jogoo_la_shamba

Zuhura pole sana asee. Mi yangu nilijaza nikiwa naishi na kaka angu, ngoja kesho nikaulize.

bint_hamadi

Samahanini nitoke kidogo, wengine sisi ni Waislamu, haya ya kuandika kila kitu kwa unaemtaka yanatuhusu vipi?

kalamu_kavu

Bint Hamadi, kwenu wosia upo ila una mpaka, hauzidi theluthi moja baada ya madeni kulipwa, na haumwendei mtu ambae tayari ni mrithi ila warithi wenzake wakiridhia. Theluthi mbili zinafuata mafungu ya mirathi. Kwaiyo ile theluthi ndo nafasi ya kumkumbuka ambae hana fungu, mtoto wa kambo kwa mfano, au uliyemlea. Ukitaka kumpa mtu mali ukiwa hai ni hiba, lakini iwe umemkabidhi kweli sio umesema tu kwa mdomo huku funguo bado ziko mfukoni mwako. Zaidi ya hapo muone mwenye elimu yake, mi naishia hapo nisije nikapotosha.

Na sio Waislamu tu, nchi nyingi zinazofuata sheria za aina ya Ufaransa zina fungu la watoto ambalo mzazi haruhusiwi kuligusa. Wosia wa "mwanangu fulani asipate hata kijiko" kuna mahali unachekwa tu.

mama_watatu

Jamani. Nimesoma ya mzee mara tatu, ya tatu nikamsomea mume wangu kwa sauti, kanyamaza kisha akasema kumbe hatuna wosia, tuna barua ya mapenzi.

Nimeelewa ya nyumba na ya mkubwa. Sasa la mdogo. Nikimwandikia fungu lake sawa na wenzake atalishikaje na hawezi hata kuhesabu chenji? Nilifikiria nimwandikie mkubwa mafungu mawili halafu kwa mdomo tukubaliane moja ni la mdogo wake, ni kijana mwenye roho nzuri. Mnaonaje?

shangazi_mkali

USIFANYE HIVYO. Samahani kwa herufi kubwa ila usifanye. Nimekua mdhamini wa mtoto wa marehemu kaka yangu mwaka wa kumi na moja huu, ana hali kama ya mwanao, kwaiyo nisikilize mwanamke mwenzangu.

Ukimpa mkubwa mafungu mawili kisheria yote ni ya mkubwa. Roho yake nzuri haina shida, shida ni kwamba akidaiwa wadai wanachukua yote, akiachana na mke yanahesabiwa yote, akifa kabla ya mdogo wake yanaenda kwa warithi wa mkubwa. Na umri wa miaka 19 unamtwika mzigo ambao hata kuuelezea hawezi. Kumpa mdogo mkononi moja kwa moja nako ni tatizo, mahakama itabidi imtafutie mtu wa kumsimamia, mtu ambae hukumchagua wewe, na kama mnaishi nchi ambayo serikali inatoa msaada kwa wenye ulemavu kwa kuangalia kipato basi siku urithi unaingia kwa jina lake msaada unaweza kukatika, pesa ikiisha ndo aanze kuomba upya.

Kwaiyo fungu lake liingie kwenye trasti ambayo wadhamini ndo wanaamua lini watoe na watoe kwa ajili ya nini, yeye ni mnufaika ila hana umiliki wa kudai apewe yote. Hii ndo sehemu ya kutokubana pesa, mlipe mwanasheria anaejua mambo ya walemavu, usitumie fomu ya kudaunlodi. Hayo mengine unaweza kubahatisha, hili hapana.

Halafu wadhamini wawe wawili, na waandikwe wa akiba, mana mdhamini nae ni binadamu anakufa. Mlezi wa mtoto na mshika pesa si lazima awe mtu mmoja, mi naona bora wasiwe. Mimi nashika pesa, wifi yangu ndo anaishi na mtoto, ananiletea risiti namlipa, tunagombana mara mbili kwa mwaka na ugomvi huo ndo unafanya hesabu zikae sawa. Akaunti ya mtoto iko peke yake, haijawahi kuchanganyika na ya kwangu hata siku moja, na kila mwaka natengeneza ripoti hata kama hakuna anaeiomba. Waulize kabla ya kuwaandika! Mi niliambiwa siku ya msiba, nikiwa nimeshika sahani.

Ila kitu kilichonisaidia kuliko hati yote ya mwanasheria ni barua ya kaka yangu. Sio ya kisheria, haimlazimishi mtu, ni barua tu ya matakwa aliyoiacha pamoja na wosia. Kaandika humo mtoto anaogopa nini, anapenda kulala upande gani, dawa gani inamletea vipele, nani kwenye ukoo asiachiwe nae peke yake. Ingekua sina ile barua miaka miwili ya kwanza ningekua nabahatisha.

mzee_wa_mafaili

Shangazi umemaliza. Mimi naongeza dogo juu ya wale wanaosema weka kila kitu kwenye trasti ukiwa hai. Inawezekana na ina faida zake, kwa mfano mali iliyomo mara nyingi haisubiri mahakama, na ukiugua ukashindwa kusaini mdhamini wako anaendelea. Lakini nimeona trasti zenye jalada la ngozi ambazo ndani hazina kitu. Mtu kalipa, kasaini, halafu hakwenda kubadilisha jina kwenye hati ya nyumba wala kwenye akaunti. Trasti ambayo mali haijahamishiwa ni sanduku tupu. Na wasikudanganye kwamba inakukinga na wadai, kama una uwezo wa kuivunja na kuchukua mali yako muda wowote, wadai wako nao kwa kawaida wana uwezo huo huo. Na hata ukiwa nayo wosia unauhitaji tu, wa kuokota vilivyosahaulika na wa kumtaja mlezi wa watoto.

Msimamizi wa mirathi usimchague kwa ukubwa kwenye ukoo. Chagua mtu anaepokea simu na anaetunza risiti.

kipanga_mweusi

Na ile karatasi ya kumruhusu mtu asaini kwa niaba yako, si inatosha? Mama yangu alinipa, nachukua hela benki kwa jina lake.

kalamu_kavu

Inakufa siku moja na aliyekupa. Ukichukua hela kesho yake baada ya msiba umeingia matatani hata kama ni za mazishi. Hiyo ni ya mtu akiwa hai.

dogo_wa_kompyuta

Kidogo tu, msisahau simu na imeili. Siku hizi bili, benki, picha, vyote viko nyuma ya pasiwedi moja. Ila usiandike pasiwedi ndani ya wosia, mana sehemu nyingi wosia ukishapita mahakamani mtu yeyote anaweza kuomba kuusoma. Weka orodha pembeni, msimamizi ajue iko wapi. Na wosia wenyewe, ule wenye saini halisi, usiufungie kwenye kasiki la benki la jina lako peke yako, kulifungua wataomba hati ya mahakama, na mahakama nayo inaomba wosia.

zuhura_wa_pili

😂😂 dogo hiyo imetokea kwa watu nawajua.

Alafu mama_watatu usiandike ukasahau. Yule mwigizaji Heath Ledger aliandika wosia 2003 akawaachia wazazi na dada zake, mtoto wake akazaliwa 2005, yeye akafariki 2008 wosia ni ule ule, mtoto hayumo. Bahati nzuri familia yake ikaamua kumpa mtoto. Nyie mkipata mtoto, mkiachana, mkinunua kitu kikubwa, mdhamini akifa, fungueni muangalie.

mama_watatu

Narudi kuwapa mrejesho, imepita wiki mbili.

Hati ya nyumba tumeitoa, ni ule umiliki wa aliyebaki anachukua yote, tumeambiwa kubadilisha kuwa mafungu inawezekana na sio kazi kubwa. Mwanasheria tumempata, tunaonana nae Alhamisi. Mdhamini mmoja ni dada yangu (nimemuuliza kabla shangazi, alikua amekaa), wa pili rafiki wa mume wangu mhasibu ambae hana huruma na senti. Mlezi tumebishana siku tatu, hilo mniachie. Mkubwa tulimkalisha tukamwambia jibu la swali lake la kwenye simu ni kwamba sio wewe, wewe ni kaka yake tu, akasema sawa kisha akaenda kuoga akakaa bafuni saa nzima.

Fomu ya bima imepatikana. Jina lililoandikwa ni la mama mkwe wangu, aliyefariki 2015. Kazini wanasema ingebidi pesa iingie kwenye mirathi na kusubiri pamoja na mengine yote. Mume kajaza mpya pale pale amesimama, dakika tano hazikufika.

Shangazi, swali moja. Ile barua ya kaka yako ilikua kurasa ngapi? Mi nimefika ya saba na bado niko kwenye nyimbo za kumlaza.